Umeme wa Ubongoni na Usiku wa Mgonjwa wa Parkinson

Mtu mwenye afya hujigeuza kitandani mara kadhaa kila usiku, na asubuhi hakumbuki hata mara moja. Mgonjwa wa Parkinson hukumbuka. Amelala chali, kiuno kinamuuma, anataka kulalia ubavu. Kichwa kinageuka, bega halifuati, miguu imekakamaa. Hushika ukingo wa kitanda ajivute. Akishindwa, humwamsha mwenzake amsukume. Wengi wetu tunaujua ugonjwa huu kwa mikono inayotetemeka mchana. Usiku wake nao unahitaji kueleweka, kwa kuwa upo umeme unaoweza kuusaidia, na ni vema tujue unasaidia wapi na unakomea wapi.

Tuanze na chanzo. Ili mwili usogee kwa wepesi, ubongo unahitaji kemikali iitwayo dopamini. Hutengenezwa na seli za eneo dogo sehemu ya juu ya shina la ubongo, eneo ambalo kwa macho matupu huonekana jeusi. Katika Parkinson seli hizo hufa polepole, kwa miaka mingi. Dawa kuu, levodopa, hugeuzwa kuwa dopamini ubongoni, lakini nguvu yake hudumu saa chache tu. Kidonge cha kawaida kilichomezwa saa mbili usiku hakimfikishi mgonjwa alfajiri.

Kwa nini upungufu wa dopamini ukakamaze mwili? Chini ya sehemu iitwayo thalamasi, ndani kabisa ya ubongo, kuna kiini chenye upana wa milimita chache, ambacho husaidia kuzuia miendo isiyotakiwa. Dopamini ikipungua, seli za kiini hicho huchachamaa, tena nyingi hufuata mpigo mmoja, kati ya mara 13 na 30 kwa sekunde. Wapiga ngoma wote wakishikilia mdundo mmoja kwa nguvu, sauti ya mwimbaji haisikiki. Ndivyo amri ya kugeuka inavyomezwa.

Mwaka 1987, mjini Grenoble, Ufaransa, daktari wa upasuaji wa ubongo Alim-Louis Benabid alikuwa akitumia umeme kuhakikisha yuko mahali sahihi ndani ya thalamasi kabla ya kupaunguza ili kutuliza mtetemeko. Akaona kwamba mapigo ya umeme yenye kasi hutuliza mtetemeko papo hapo, na yakizimwa mtetemeko hurudi. Basi kwa nini kuunguza, ikiwa waya unaweza kuachwa humo? Mwaka 1990 watafiti wa Marekani, Mahlon DeLong akiwa miongoni mwao, walionyesha kwa tumbili kwamba kukiharibu kile kiini cha chini ya thalamasi huurudisha mwendo. Mwaka 1993 kundi la Benabid likapeleka waya huko.

Waya unaotumika sana una unene wa milimita 1.27. Hupita chini ya ngozi, nyuma ya sikio, ukashuka shingoni hadi kwenye betri iliyofukiwa kifuani chini ya mtulinga. Kwa kawaida hutoa mapigo yapatayo 130 kila sekunde, yanayouvunja ule mdundo mzito. Na betri haimalizi kazi yake saa chache baada ya chakula cha jioni. Hii ndiyo sababu kubwa ya wagonjwa wengi kulala vizuri zaidi baada ya upasuaji: hugeuka wenyewe, misuli haiwakazi sana, na usingizi haukatikikatiki kama zamani.

Lakini usingizi una sehemu nyingine. Tunapoota, shina la ubongo hulegeza karibu misuli yote, likiacha ya macho na ya kupumulia, ili ndoto isigeuke vitendo. Kwa wagonjwa wengi wa Parkinson kizuizi hicho hulegalega. Mtu aliyelala hupiga kelele, hurusha ngumi, huanguka kitandani. Hali hii ilielezwa kitabibu mwaka 1986 huko Minnesota, Marekani, na huweza kumtokea mtu miaka mingi kabla ya mkono kuanza kutetemeka. Umeme wa kiini cha chini ya thalamasi kwa kawaida hauiondoi, kwa sababu kizuizi chenyewe kiko chini zaidi, ambako waya haufiki. Wala umeme huo hauzuii seli kuendelea kufa.

Kwa hiyo, ewe unayelala karibu na mgonjwa, wewe ndiye shahidi wa yale asiyoyajua. Mweleze daktari mambo mawili mbalimbali: kama anashindwa kugeuka, na kama anapigana ndotoni. La kwanza dawa au umeme vinaweza kulipunguza. La pili lina matibabu yake, na wakati mnayasubiri, ondoeni vitu vyenye ncha kando ya kitanda na mtandike godoro chini. Asiache wala kuongeza dawa kwa uamuzi wake mwenyewe. Daktari akiuliza habari za mikono tu, mwambieni na za usiku.