Umekula, Umeshiba, Umesahau

Maandiko: Kumbukumbu la Torati 8:10-14, Luka 24:28-35

Wiki hii nitaanza kwa kutubu, halafu tufundishane.

Miezi michache iliyopita, kwenye ushirika wa nyumbani, dada mmoja alisema tumwombee mke wangu kwa sababu kazini kwake wanapunguza watu na jina lake liko kwenye orodha. Nilishtuka. Mimi mume, tena mchungaji, nasikia habari za nyumba yangu kwa watu! Tukirudi nyumbani nikamuuliza, kwa ukali kidogo, "Mbona hukuniambia?" Akanijibu polepole: "Nilikuambia, Baba. Jumanne ya wiki iliyopita, tukila. Ukasema, 'Bwana atatenda.'"

Sikukumbuka. Nilijaribu kukumbuka hata tulikula nini siku hiyo, ikanishinda. Kitu nilichokumbuka ni simu. Usiku ule nilikuwa najibu grupu ya WhatsApp ya kamati ya ujenzi wa kanisa. Nilijiambia ni kazi ya Mungu.

1. Chakula kimeingia, lakini hakikuandikwa

Mwaka 2011, watafiti wa Chuo Kikuu cha Bristol, Uingereza, waliwapa watu chakula cha mchana cha aina moja na kiasi kimoja. Kundi moja lilikula huku likicheza karata kwenye kompyuta. Kundi la pili lilikula bila kufanya jambo lingine. Baada ya nusu saa wote wakaletewa biskuti. Wale waliokuwa wakicheza walisema hawajashiba sana, wakala biskuti nyingi kuliko wenzao, na hata kukumbuka walichokula mchana kuliwapa shida.

Tumbo likijaa hupeleka habari kwa ubongo, na hisia ya shibe huja polepole. Lakini shibe si ya tumbo peke yake. Ubongo pia hutumia kumbukumbu ya kile ulichokula. Nilisoma biashara chuoni, na tulifundishwa kwamba pesa ikiingia bila kuandikwa kitabuni, mwisho wa mwezi utaapa haikuingia. Ndivyo ilivyo na sahani. Umekula ugali wote macho yakiwa kwenye video, na saa nne usiku uko jikoni tena unatafuta mkate.

2. Musa aliogopa shibe inayosahau

Angalia mpangilio wa Kumbukumbu la Torati 8. Israeli watakula, watashiba, kisha watamhimidi Bwana kwa nchi nzuri aliyowapa. Halafu Musa anawaonya: wakishakula na kushiba, wakajenga nyumba nzuri na mifugo ikaongezeka, wajihadhari mioyo isiinuke wakamsahau aliyewatoa Misri. Jangwani walilia njaa, lakini hapa Musa anaogopa kitu kingine, mtu aliyeshiba na kusahau.

Sisi tunaombea chakula sekunde kumi, tunasema "Amina," na kabla tonge la kwanza halijafika mdomoni, kidole kiko kwenye skrini. Ndugu, tunashukuru kwa kitu ambacho hata hatukionji. Aliyesimama jikoni saa nzima hatumwoni. Aliyehangaika kutafuta pesa ya unga hatumkumbuki. Shukrani ya kweli inahitaji uwepo mezani, wewe mzima, si mwili tu.

3. Mezani ndipo macho yalipofumbuliwa

Wale wawili wa njia ya Emau walitembea na Yesu, akawaeleza Maandiko kuanzia Musa na manabii, na bado hawakumtambua. Walimtambua mezani, alipotwaa mkate, akaubariki, akaumega na kuwapa. Kama Kleopa angekuwa na bando siku ile, sijui tungesoma nini leo!

Watu wetu hawaleti mambo mazito kwa kupanga mkutano. Huyaleta kati ya tonge na tonge, kwa sauti ya chini, na mara nyingi husema mara moja tu. Kijana anasema hataki kurudi shule. Mama anasema ameona uvimbe. Ukijibu "mm" bila kuinua kichwa, amejua hukuwepo. Kesho atanyamaza, au ataenda kumwambia mtu mwingine.

Ya kufanya wiki hii

Simu zote ziwekwe mahali pamoja kabla ya kuomba. Kwetu ni juu ya friji. Kama unasubiri simu ya kazi au una mgonjwa, acha iite kwa sauti, lakini isikae mkononi. Runinga nayo izimwe.

Kabla ya kuongeza chakula, pumzika kidogo. Ongea, kunywa maji, upe mwili nafasi ya kusema umetosheka.

Mama mwenye mtoto asiyekula mpaka awekewe katuni, usijihukumu. Anza na mlo mmoja kwa siku bila katuni, keti naye, umtazame. Atalia siku za kwanza, lakini usichoke.

Unayeishi peke yako, najua simu imekuwa mwenzako wa kula. Jaribu dakika kumi za kwanza bila hiyo, au umwalike jirani mara moja wiki hii. Na sisi wenye familia, tuna meza. Tuwaite wapendwa hawa.

Mke wangu alipoteza kazi ile. Sikuweza kuizuia hata kama ningesikia siku ya kwanza. Lakini aliibeba siku kumi peke yake, na mimi niko umbali wa sahani mbili. Hizo siku kumi siwezi kumrudishia. Nimemwomba msamaha, naye amenisamehe. Sasa tukila namtazama, na Mungu amenifundisha kwamba "Bwana atatenda" si jibu la mtu ambaye hajasikiliza.

Tuombe: Baba, asante kwa chakula na kwa walio mezani petu. Tusamehe tulipokula bila kuona mkono wako. Fumbua macho yetu na masikio yetu leo jioni, katika jina la Yesu. Amina.