Tochi za Mwanga wa Zambarau: Tuzijue Aina Zake

Siku hizi tochi ndogo za mwanga wa zambarau zimeenea. Wenye maduka huzitumia kukagua noti, wachuuzi huzitembeza stendi, na kliniki wazazi hutuuliza kama ni kweli kwamba zinaua vijidudu. Sisi huwauliza kwanza: hiyo tochi yako imeandikwa namba gani? Kwa nje tochi hizi zinafanana, lakini kazi zake ni mbalimbali, na moja kati yake yaweza kumuumiza mtoto macho bila yeye kuhisi lolote wakati huo.

Mwanga husafiri kama mawimbi. Urefu wa wimbi hupimwa kwa nanometa, na nanometa milioni moja ndizo hufanya milimita moja. Macho yetu huona kuanzia rangi ya urujuani, karibu nanometa 400, hadi nyekundu, karibu nanometa 700. Mwaka 1801 Mjerumani Johann Ritter aliweka chumvi ya fedha, ambayo hugeuka nyeusi ikipigwa na mwanga, nje kidogo ya rangi ya urujuani, mahali ambapo jicho halikuona kitu. Ikageuka nyeusi upesi kuliko penye rangi. Ndipo ikajulikana kwamba ipo mionzi isiyoonekana, nasi twaiita urujuanimno. Kwenye vifaa huandikwa kwa herufi UV. Kadiri wimbi linavyokuwa fupi, ndivyo nguvu yake inavyozidi.

Mionzi hii ina makundi matatu. Kundi A ni nanometa 315 hadi 400, kundi B ni 280 hadi 315, na kundi C ni 100 hadi 280. Jua hutoa yote, lakini hewa ya juu, hasa ozoni, huzuia kundi C lote na sehemu kubwa ya B. Hiyo B kidogo inayotufikia inatosha kumuunguza ndugu yetu mwenye ualbino kwa muda mfupi tu. Kundi C hatulipati juani. Tunakutana nalo kwenye moto wa kuchomelea vyuma na kwenye taa zilizotengenezwa na watu.

Tochi nyingi za leo ni za LED. Ndani mna kipande kidogo sana chenye tabaka mbili. Umeme wa betri ukivuka mpaka wa tabaka hizo, nguvu yake hutoka kama mwanga, na madini yaliyotumika ndiyo huamua urefu wa wimbi. Tochi za bei nafuu huwa za nanometa 395. Hizo hutoa zambarau nyingi inayoonekana. Za nanometa 365 ni ghali zaidi, na ukiiwasha waona mwanga hafifu tu, kwa sababu karibu mionzi yake yote haionekani. Zote mbili ni za kundi A.

Kazi ya kundi A ni kufichua. Vitu vingine hupokea mionzi isiyoonekana na kuirudisha ikiwa mwanga unaoonekana. Shati jeupe lililofuliwa kwa sabuni ya unga hung'aa buluu. Soda ya toniki nayo hung'aa buluu, kwa ajili ya kwinini iliyomo. Noti halali ina alama zake zinazong'aa, ingawa noti iliyosahaulika mfukoni ikafuliwa na suruali yaweza kung'aa yote na kumtia mwenyewe mashakani bure! Hata nge hung'aa kijani gizani, na kwa familia inayolala chini haya ni matumizi mazuri kuliko yote.

Hospitalini tuna taa ya namna hii iitwayo taa ya Wood, kwa jina la mwanafizikia wa Marekani, Robert Williams Wood. Tangu mwaka 1925 imetumika kutambua fangasi wa nywele. Mapunye mengine hung'aa kijani, utangotango huweza kuonekana wa njano, na mabaka ya mbalanga huwa meupe sana. Lakini fangasi wengi wa kundi la Trichophyton, ambao nao huleta mapunye, hawang'ai. Kwa hiyo mzazi akimulika kichwa cha mtoto nyumbani asione kitu, asiseme mtoto ni mzima. Na baka lililopauka lisilohisi mguso lisimulikwe, liletwe hospitali lipimwe ukoma.

Hapa tuseme pia juu ya watoto wachanga wenye manjano. Taa ya buluu tunayowawekea si urujuanimno. Ni mwanga wa buluu wa kawaida, wa nanometa 460 hadi 490 hivi, nao hutolewa kwa kipimo, macho ya mtoto yakiwa yamefunikwa. Tochi ya dukani haiwezi kazi hiyo hata kidogo.

Sasa kuua vijidudu. Hiyo ni kazi ya kundi C, hasa nanometa 254, ambayo huharibu chembe za urithi za kijidudu. Katika baadhi ya wodi za kifua kikuu taa hizo hufungwa juu, zikielekea dari, ili zisafishe hewa bila kumgusa mtu. Tochi nyingi zinazouzwa kwa sifa hiyo ni za 395, nazo haziui kama inavyodaiwa. Ile ambayo kweli ni ya kundi C huharibu na chembe zetu pia. Mwaka 2020, wakati wa korona, Shirika la Afya Duniani lilionya watu wasisafishe mikono wala ngozi kwa taa hizi. Mwaka 2022 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilionya juu ya baadhi ya fimbo za mwanga zinazoweza kuumiza ngozi na macho kwa sekunde chache. Isitoshe, mionzi haipiti kwenye uchafu wala haifiki penye kivuli. Maji na sabuni hufika.

Jicho hufumba mbele ya mwanga mkali, lakini mionzi hii hailioni, hivyo hubaki wazi. Maumivu huja saa 6 hadi 12 baadaye, kama wajuavyo vijana wa kuchomelea: macho kama yenye mchanga, machozi, kuogopa mwanga. Mkalishe mgonjwa penye giza, mfunike macho yaliyofumbwa kwa kitambaa safi chenye maji baridi, mpe parasetamoli kwa kipimo cha umri wake. Asisugue. Msitie maziwa ya mama, maji ya majani, wala dawa ya macho ya jirani. Kwa kawaida hupona katika siku moja au mbili. Akiwa mtoto mdogo, au akiona ukungu, mleteni siku hiyo hiyo, na ile tochi mje nayo tusome namba yake.