Makaa katika Chakula cha Ng'ombe: Je, Yaweza Kubeba Vitamini?

Ndugu mkulima, siku hizi watu huja katika ofisi ya kilimo hapa Uriri wakiuliza kama ni kweli kwamba unga wa makaa uliochanganywa na vitamini huwafaa ng'ombe kuliko vitamini peke yake. Swali ni zuri, na jibu lake si ndiyo tupu wala la tupu. Kabla hujatoa fedha zako yakupasa kufahamu kwanza kazi ya vitamini, kisha kazi ya makaa.

Ng'ombe, mbuzi na kondoo hawana haja ya kununuliwa vitamini zote. Vijidudu vilivyomo katika tumbo kubwa huwatengenezea vitamini B, na jua huwapatia vitamini D kwa njia ya ngozi. Vitamini A ndiyo yenye taabu. Mnyama huipata katika majani mabichi, na majani yakikauka juani huharibika. Ndiyo maana nyasi nyeupe za Februari hujaza tumbo tu. Ng'ombe mkubwa huweka akiba katika ini lake, akaweza kuvumilia miezi miwili au mitatu. Ndama hana akiba isipokuwa ile aliyoipata katika dang'a, na mkulima anayemnyima ndama dang'a amemwibia mara mbili.

Ndama aliyepungukiwa na vitamini A haoni vema jioni. Mjaribu hivi: jua likiisha kutua, weka debe katika njia yake, kisha mwite. Akijikwaa juu ya debe ambalo mchana angelikwepa, usingoje; mwite Bwana Mifugo, kwa maana kuchelewa kwaweza kumletea upofu wa daima. Kuku nao huvimba macho na kutoa uchafu mzito. Hapa kwetu tunawapa kuku mahindi meupe, nayo karibu hayana vitamini A kabisa. Mahindi ya manjano ndiyo yenye kitu. Kuku waliofungiwa ndani bila majani mabichi, wakala mahindi meupe tu, lazima wataugua.

Sasa makaa. Makaa yaliyochomwa kwa hewa kidogo kwa ajili ya shamba au mifugo huitwa bayocha. Yana matundu madogo mno, mengi kama ya sega la nyuki. Nilipokuwa nikisomea ualimu tulifundishwa kupima sakafu, basi nawaambieni hivi: gramu moja ya makaa yaliyochomwa vizuri kwa moto mkali, kama matundu yake yote yangekunjuliwa na kutandazwa, yangefunika zaidi ya sakafu ya madarasa mawili. Vitu vingi hunasa katika matundu hayo. Kwa sababu hiyo daktari wa mifugo huweza kumnywesha makaa maalumu mnyama aliyekula sumu.

Hapo ndipo penye hatari. Makaa hayachagui. Yanayonasa sumu hunasa vitamini pia, na hunasa dawa. Makaa ni kama punda: mzigo ataubeba, lakini huyu punda pengine hakubali kuutua pale unapotaka wewe. Vitamini iliyonaswa sana hupita tumboni na kutoka na mavi, na mkulima akawa amenunulia vitamini shamba lake la matete! Viwanda vya chakula cha mifugo hubebesha vitamini katika pumba za ngano au maganda ya mpunga yaliyosagwa. Kazi ya kibebeo ni kueneza gramu chache za vitamini katika magunia mengi ya chakula, ili mnyama huyu asipate nyingi na yule akakosa. Kwa kazi hiyo pumba zatosha, na bei yake ni nafuu.

Hata hivyo makaa yasitupwe. Mwaka 2012 ilitangazwa habari ya majaribio ya nchi ya Laos, ambako ng'ombe wa kienyeji waliokula muhogo walitiliwa makaa asilimia 0.6 ya chakula chao kikavu, wakaongeza uzito kwa robo kuliko wenzao. Kwa ng'ombe wetu anayekula kilo 9 za chakula kikavu kwa siku, hiyo ni kama gramu 54, yaani konzi moja. Si debe! Huko Manjimup, Australia Magharibi, mfugaji mmoja alianza mwaka huohuo kuwapa ng'ombe wake theluthi ya kilo ya makaa kwa siku, yamechanganywa na molasi. Makaa yakatoka na mavi, mende wa mavi wakayafukia ardhini, na udongo ukapata nguvu bila jembe. Molasi sisi twaijua, maana miwa imetuzunguka toka hapa hadi Awendo.

Ushauri wangu ni kuvitenganisha vitu hivi viwili. Vitamini A mpe ng'ombe kwa majani mabichi: mashina ya viazi vitamu, kalandra, matete machanga yaliyopandwa bondeni penye unyevu. Ukiwa umenunua unga wa vitamini, soma kipimo cha mfuko, changanya kwanza na konzi ya pumba, kisha na kibaba, kisha na debe, ndipo umwage katika chakula chote. Makaa mpe wakati mwingine wa siku, asubuhi kwa jioni, konzi moja ndani ya molasi. Usimpe makaa siku mbili kabla ya dawa ya minyoo na siku mbili baadaye. Kuku wasipewe.

Tena mtu asidhani kwamba makaa huhalalisha mahindi yaliyoota ukungu. Mwaka 2004 sumukuvu iliua watu 125 upande wa Ukambani, na ng'ombe akiila, sehemu yake huingia katika maziwa ya watoto.

Usikate mti kwa kazi hii. Magunzi ya mahindi yatosha. Chimba shimo lenye umbo la faneli, kina cha kiuno, washa moto chini, na kila magunzi yanapoanza kuwa na majivu meupe juu, tia mengine. Shimo likijaa, zima kwa maji mengi. Yaache nje hadi kesho yake, kwa kuwa makaa mapya yaweza kuwaka tena yenyewe ghalani. Yaanike, yatwange, yachekeche kwa chekecheke la unga, na ufunge kitambaa puani. Mbao zilizopakwa rangi au dawa ya mchwa zisiingie shimoni kamwe, hata kipande. Debe moja la unga huo lifungwe lisipate unyevu, nalo litamtosha ng'ombe mmoja miezi kadhaa.