Rovu na Nguvu za Misuli

Mwaka 1989 Juma Ikangaa, mzaliwa wa Dodoma, alishinda marathoni ya New York kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1. Mbio ndefu hutegemea nyuzi za misuli zinazokaza polepole na kukawia kuchoka. Zipo nyingine zinazokaza upesi, za kuruka au kunyanyua gunia, ila huchoka mapema.

Nani huamua uzi uwe wa aina gani? Kwanza ni mshipa wa fahamu. Mwaka 1960 John Eccles na wenzake, huko Australia, walionyesha kwa paka kwamba msuli wa haraka ukiunganishwa na mshipa wa msuli wa polepole, nao hupunguza kasi. Pili ni homoni ya tezi ya shingo. Ikipungua, misuli huwa mizito na kukakamaa. Ikizidi, hukonda na kudhoofu.

Tezi hutengeneza homoni hiyo kwa madini joto. Yakikosekana, tezi huvimba: ndilo rovu. Basi akina mama na akina baba, mnunuapo chumvi dukani au mnadani, chagueni yenye madini joto na kuihifadhi katika chombo chenye kifuniko. Mwenye uvimbe shingoni au uchovu usiokwisha asiitwe mvivu, wala asidhani amerogwa. Aende zahanati.