SOMO LA ROBO HII: MABINGOBINGO KABLA YA NG'OMBE

Miradi mingi ya maziwa huanza na ng'ombe. Mnyama anafika, watu wanafurahi, kisha mama wa nyumba anaanza kutembea mbali kila siku kutafuta majani. Kiangazi kikija, maziwa yanapungua na mradi unadhoofika. Somo hili linashauri utaratibu mwingine: malisho kwanza.

Mabingobingo ni nini?
Ni nyasi asilia ya Afrika, iitwayo pia majani ya tembo. Nchini Kenya huitwa nepia. Hufikia urefu wa mita 3 au zaidi na kutoa masuke yenye manyoya. Masuke hayo hupendeza machoni, lakini kwa mfugaji ni dalili kwamba amechelewa kukata: mashina yamekuwa magumu na protini imepungua.

Kupanda na kukata
Chukua vipande vya mashina yaliyokomaa, vyenye vifundo 3. Mvua zinapoanza, vichomeke kwa mshazari, vifundo 2 vikiwa ardhini, na utie samadi. Subiri miezi 3 hadi 4 kabla ya kukata mara ya kwanza. Baada ya hapo kata yakifika mita 1 hadi 1.5, ukiacha visiki vya sentimita 10 hivi.

Faida kwa mahindi
Tangu miaka ya 1990, kituo cha utafiti cha ICIPE cha Kenya na washirika wake wameeneza kilimo cha "sukuma-vuta". Desmodiamu hupandwa kati ya mistari ya mahindi, na mabingobingo kuzunguka shamba. Harufu ya desmodiamu huwafukuza nondo wa funza wa mabua. Mabingobingo huwavuta watage huko, na utomvu wake unaonata huua funza wengi. Desmodiamu huzuia pia kiduha. Hivyo shamba lile lile hutoa chakula cha watu na cha ng'ombe.

Angalizo
Shina lililodumaa, lenye majani madogo ya manjano, lina ugonjwa. Ling'oe, na usigawe mbegu kutoka hapo.

Maswali kwa kamati
1. Kila familia inayosubiri ng'ombe imepanda mabingobingo kiasi gani?
2. Nani atakata na kubeba majani: mama peke yake, au nyumba nzima?
3. Je, taarifa yetu kwa wafadhili inahesabu ng'ombe tu, au na malisho pia?