Jiwe la Kusagia na Plau: Deni Kati ya Majirani

Kumbukumbu la Torati 24:6 inakataza jambo linaloonekana dogo: mkopeshaji asichukue jiwe la kusagia kuwa rehani. Ukilichukua, umechukua uhai wa nyumba, maana pasipo unga hakuna chakula cha jioni. Mstari wa 10 na wa 11 inaongeza adabu. Mkopeshaji asiingie ndani kujichagulia rehani; asimame nje, mwenye deni amletee mwenyewe. Mungu anaulinda hata mlango wa maskini.

Huku Tarime na Serengeti unga tunasaga mashineni, lakini plau na maksai tunavyo. Nyumba iliyouza maksai kabla ya mvua italima kwa jembe la mkono, italima kidogo, na mwakani itakopa tena. Ndiyo maana mikopo ambayo watu wameibatiza "kausha damu" (jina hilo halikutungwa na mapadre) inaumiza kuliko riba inavyosomeka kwenye karatasi: inachukua kile ambacho kingelipa deni. Kanisa lilikemea riba tangu zamani. Mwaka 1745 Papa Benedikto XIV aliiandikia barua nzima, Vix pervenit.

Wazee wetu walikuwa na njia. Wakurya wana risaga, majirani wanaoitana kulima, kupalilia au kuvuna shamba la mmoja wao, na mwenye shamba huandaa chakula na kinywaji. Aliyeishiwa hakuitwa ombaomba, kwa sababu zamu nyingine naye angeshika jembe kwa jirani. Mwenye maksai mmoja huungana na mwenzake mwenye mmoja, wakalima mashamba yote mawili. Lakini tusiipambe mno. Risaga hailipi bili ya hospitali, na asiye na nguvu za kurudisha zamu, kama mjane mzee, huweza kusahaulika.

Hapo ndipo Jumuiya Ndogo Ndogo inapodaiwa. Maaskofu wa AMECEA walizifanya kipaumbele cha kichungaji mwaka 1976, na kwa msiba tunachanga vizuri sana: mtu akifa, daftari linafunguliwa siku hiyohiyo. Akiwa hai na anadaiwa, ananyamaza, nasi tunanyamaza, mpaka tunapoona ng'ombe wake wanaswagwa kwenda mnadani. Kikundi cha kuweka na kukopa kinasaidia, na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inataka kisajiliwe. Hata hivyo tuulizane: mwanachama akishindwa kurejesha, tunashika nini? Viko vikundi vinavyokwenda kubeba godoro na sufuria. Sura ya 24 inawahusu hao pia, hata kama kikao kilifunguliwa kwa sala.

Kwa mafundisho ya jumuiya: someni Kumb 24:6-13 polepole. Kisha kila kaya itaje kitu kimoja ambacho kikiondoka, haiwezi kulima wala kupika. Vitu hivyo viandikwe kwenye katiba ya kikundi kwamba havishikwi kwa deni lolote. Mjane asiye na maksai apangiwe siku yake ya kulimiwa kabla mvua hazijaanza.