Udongo Wetu Unakwenda Wapi?

Kila mwaka mvua kubwa zianzapo, maji ya mto Ruiru hugeuka rangi yakawa mekundu kama matofali. Watu wengi hupita darajani wasijali, wakidhani kwamba ndiyo desturi ya mto. Lakini wekundu huo ni udongo wa mashamba, nao ukishuka haurudi tena.

Na tuifuate safari yake. Maji ya Ruiru hatimaye huingia mto Athi, ambao hupita katika nchi kavu ya Ukambani, ukaitwa Galana, kisha Sabaki, hata ukafika baharini karibu na Malindi. Mto Thika, ingawa miji hii miwili ni jirani, hushika njia nyingine: hupokea maji ya Chania, ukaingia Tana katika bwawa la Masinga, lililomalizika mwaka 1981. Matope yatulianayo humo hupunguza nafasi ya maji yaendeshayo mitambo ya umeme.

Huko Malindi yuko shahidi. Matumbawe hukua baharini pole pole, tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka huhifadhi alama ya maji ya wakati wake. Wataalamu waliochunguza tumbawe la miaka 300 hivi walieleza mwaka 2007 kwamba udongo wa Sabaki uliongezeka tangu mwanzo wa karne ya 20. Huo ndio wakati matumizi ya ardhi ya bara yalipobadilika: miti ilikatwa, nyasi zikalimwa, walowezi wakatwaa mashamba makubwa, na Waafrika wakabanwa pamoja na mifugo yao katika sehemu zilizotengwa.

Sababu yake ni nyepesi kufahamika. Tone la mvua likianguka juu ya majani hupoteza nguvu. Likianguka juu ya udongo mtupu huuvunja na kuziba vitundu vyake. Maji yasipopata pa kuingia hukimbia mteremkoni na kuuchukua. Katika vilima vikavu hatari huzidi, kwa kuwa mvua ya kwanza huikuta ardhi iko uchi baada ya kiangazi.

Hata hivyo, wingi wa watu peke yake hauharibu nchi. Katika miaka ya 1930 vilima vya Machakos vilikuwa vimechimbika sana. Toka 1932 hata 1990 watu waliongezeka karibu mara sita, lakini mmomonyoko ulipungua, maana wakulima walichimba matuta kwa mikono yao.

Leo mashamba mengi ya kahawa huko Ruiru na Thika yamekuwa viwanja vya nyumba. Mabati na lami havinywi maji, basi maji yote hukimbilia kwa jirani aliye chini. Kwa hiyo mwenye nyumba na akinge maji ya paa katika tangi, na kupanda nyasi uani. Mkulima naye alime kwa kukingama na mteremko. Achimbe mtaro na kutupa udongo upande wa juu, yaani fanya juu. Apande nyasi za nepia juu ya tuta, atandaze majani makavu chini ya kahawa, wala asilime ukingo wa mto.

Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari ya udongo wetu imeandikwa Malindi. Kila mtu na aangalie mtaro wa shamba lake mvua inyeshapo: maji yakitoka mekundu, hasara ni yake.